Kupe, Damu na Hesabu Inayokosekana Kajiado

Mwezi wa Oktoba mwaka 2000, mkulima mmoja kutoka magharibi mwa Kenya aliugua homa kali. Damu yake ilipopimwa, ilikutwa na virusi vya homa ya Crimea-Kongo, homa ya kuvuja damu inayoenezwa na kupe. Akawa mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huo kuthibitishwa na kuandikwa rasmi nchini. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo mengine kutoka upande wa pili wa nchi. Walikuwa wamepima damu ya watu 517 waliofika katika vituo vya afya vya Ijara na Sangailu, Kaunti ya Garissa, wakilalamikia homa. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa na kingamwili za virusi hivyo hivyo.

Weka taarifa hizo mbili pamoja, msikilizaji. Upande mmoja kuna mgonjwa anayehesabika kwa kidole. Upande mwingine, mtu mmoja kati ya watano tayari alikuwa amekutana na virusi. Zote mbili ni kweli, na katikati yake ndipo lilipo swali la leo: ugonjwa huu umeenea kiasi gani kwa watu wa mashambani, hasa wafugaji wa Kajiado na wale wanaokula, kuuza na kuchinja mifugo yao pale Kitengela?

Tuanze na jinsi hesabu yenyewe inavyofanywa. Mtu akiambukizwa virusi hivi, mwili hutengeneza kingamwili za kupigana navyo. Zipo za mwanzo, zinazoonekana wakati wa ugonjwa na wiki chache baadaye, kisha zipo za kudumu zinazobaki katika damu kwa miaka. Mtafiti anayetaka kujua ugonjwa umepita kwa watu wangapi hahitaji kumkuta mgonjwa kitandani. Anachukua damu ya watu wazima na watoto, wazima wa afya na wagonjwa, anatafuta kingamwili za kudumu, kisha anahesabu wangapi wanazo.

Hesabu ya namna hiyo ilifanywa vijijini Uturuki mwaka 2009. Nchi hiyo ilianza kuwaona wagonjwa wa homa hii mwaka 2002, na tangu hapo wamepita elfu kumi. Watafiti walipima watu 3,557 katika eneo lenye maambukizi, wakakuta asilimia 10 wana kingamwili. Walipofuatilia nani kati yao aliwahi kuugua, walikadiria kwamba asilimia 88 ya walioambukizwa hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Kwa maneno mengine, karibu watu tisa katika kila kumi waliambukizwa wakaendelea na shughuli zao bila habari. Yule wa kumi ndiye anayeugua, na Shirika la Afya Duniani linasema wanaougua na kulazwa hufa kwa kiwango cha kati ya asilimia 10 na 40.

Hapo ndipo mgonjwa mmoja na mmoja kati ya watano wanapoweza kukaa pamoja. Wengi hupita bila dalili. Wachache huugua kidogo, wakameza dawa za malaria na kupona. Wachache zaidi huzidiwa mbali na maabara, wakazikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Sasa tuje Kajiado.

Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti hii watu 1,117,840. Kitengela peke yake, mji ambao miaka arobaini iliyopita ulikuwa kijisoko cha Noonkopir kando ya barabara ya Namanga, ulikuwa na zaidi ya watu 150,000. Wengi wa hao ni wapangaji wanaoamkia kazini Nairobi, Athi River au katika eneo la viwanda vya kuuza nje, na hawajawahi kukamua ng'ombe. Lakini ukitoka mjini kilomita chache tu kuelekea Isinya, Mashuuru au Bissil, unaingia katika boma ambazo watu na mifugo wanalala hatua chache wao kwa wao. Mtafiti akiwachanganya watu wa pande hizi mbili kisha akatoa wastani mmoja wa kaunti, atapata namba isiyomhusu mpangaji wa ghorofa wala mchungaji wa Mashuuru. Kwa mmoja itakuwa kubwa mno, kwa mwingine ndogo mno.

Kupe anayebeba virusi hivi zaidi kuliko wengine ni wa kundi la Hyalomma. Mfugaji wa Kajiado anamjua kwa sura hata kama hajui jina hilo la kisayansi. Ni mkubwa, rangi yake kahawia iliyokolea, na miguu yake mirefu ina pete nyeupe mithili ya soksi za mchezaji wa kandanda. Kuna aina yake moja inayopatikana hasa katika nchi ya Wamaasai, kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Tabia yake ndiyo inayomtofautisha. Kupe wa ndigana, yule wa masikioni, hupanda kwenye ncha ya jani na kungoja mnyama apite. Huyu wa miguu ya pete hangoji. Hujificha ardhini, chini ya kichaka au jiwe, na akihisi mtikisiko, kivuli na pumzi ya kiumbe kinachopita hutoka mbio kukifuata, hata kwa mita kadhaa. Mchungaji aliyeketi chini ya mgunga kupumzisha miguu anaweza kumwona akimjia waziwazi mchana kweupe.

Akishampata ng'ombe, hukimbilia chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya kwato. Fikiria maana yake katika boma ya Kimaasai. Anayekamua ni mama. Alfajiri na jioni mikono yake iko kwenye kiwele, na kupe aliyejibandika karibu na chuchu hung'olewa hapo hapo kwa vidole. Mara nyingi huminywa kwa kucha mpaka apasuke, maana hakuna anayetaka kumtupa chini akiwa hai ili arudi. Damu inayoruka inaingia kwenye mchubuko wa kidole, na kwa virusi hivi mlango huo unatosha. Kwa hiyo utafiti unaomuuliza mtu kama amewahi kuumwa na kupe, bila kumuuliza kama amewahi kuwaminya, umeacha nusu ya hadithi.

Mnyama naye hatoi ishara. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huambukizwa, virusi hukaa katika damu yao kwa takriban wiki moja, lakini hawaugui. Linganisha na homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu. Homa hiyo ilipozuka mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, Kajiado ikiwemo, mifugo iliharibu mimba kwa wingi na ndama wakafa, na wenye mifugo wakajua kuna jambo. Homa ya Crimea-Kongo haipigi hodi namna hiyo. Ng'ombe anakula, anacheua, anakwenda mnadani, anapanda lori.

Safari ya lori hilo ndiyo inayoiunganisha boma na mji. Mifugo kutoka mnada wa Bissil, kutoka nyanda za Loitokitok na kutoka ng'ambo ya mpaka wa Namanga huishia vichinjioni Kitengela, Kiserian, Athi River na Nairobi. Mnyama akishachinjwa na mwili wake kuanza kupoa, kupe hubandua midomo yao na kuanza kushuka kutafuta mwili wenye joto. Wa karibu zaidi ni mchunaji wa ngozi, aliyeinama na mikono iliyolowa damu, mara nyingi bila glavu, na kisu kikimteleza mara kwa mara. Hapa hatari ni mbili kwa pamoja: damu mbichi na kupe mwenye njaa.

Mlaji wa nyama choma anaweza kutulia. Nyama ikishakaa baada ya kuchinjwa huongezeka asidi, na virusi hivi havivumilii asidi wala moto. Wa kuangalia ni yule anayeishika ikiwa bado ya moto, na anayekula figo mbichi au kunywa damu iliyotoka mnyamani muda huo huo, mambo ambayo yana heshima yake katika sherehe za Wamaasai na ambayo hayawezi kufutwa kwa amri ya mtu wa ofisini. Yanaweza kuzungumzwa na wazee, kama mengine mengi yalivyozungumzwa.

Kuna mbuni pia. Isinya na Kitengela ni maeneo yanayojulikana kwa ufugaji wa ndege huyo. Ndege wengi hubeba kupe wachanga wa Hyalomma bila wao wenyewe kuambukizwa, ila mbuni huambukizwa. Afrika Kusini ilijifunza hilo mwaka 1996, pale wafanyakazi 17 walipougua kufuatia uchinjaji wa mbuni katika kichinjio cha Oudtshoorn. Hatua iliyofuata huko ilikuwa nyepesi: kuwasafisha ndege kupe na kuwaweka kando kabla hawajachinjwa, mpaka virusi viwatoke katika damu. Mfugaji wa mbuni wa Kajiado anaweza kufanya hivyo bila kungoja tume.

Ongeza wanyamapori. Upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi hauna uzio, na pundamilia, nyumbu na pofu hutoka kwenda tambarare za Kitengela na Athi-Kapiti kila msimu wa mvua, pale pale wanapolishwa ng'ombe na kondoo. Kupe wachanga hulelewa na sungura na kanga, wakikua huhamia kwa wanyama wakubwa. Ua wa nyumba mpya uliojengwa juu ya malisho ya zamani hauwafukuzi kwa siku moja.

Wanasayansi wa Nairobi wamekwisha kuwakamata kupe hao wakiwa na mzigo. Mwaka 2008 walikusanya kupe 8,600 wa kundi la Hyalomma kutoka kwa mifugo ya kaskazini mashariki mwa Kenya, wakawagawa katika mafungu 1,144 na kuwapima. Mafungu 23 yalikuwa na virusi vya Crimea-Kongo. Hapo hoja ya kwamba huu ni ugonjwa wa nchi za mbali inakosa miguu. Ni kweli madaktari wa Kisovieti waliutambua Crimea mwaka 1944, walipougua wanajeshi na wavunaji wapatao 200. Lakini mwaka 1956 virusi vilipatikana katika damu ya mtoto mgonjwa huko Stanleyville, Kisangani ya leo, na mwaka 1967 watafiti wa Taasisi ya Virusi ya Afrika Mashariki pale Entebbe walichapisha maelezo ya virusi hivyo kama virusi vipya. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba virusi vya Crimea na vya Kongo ni kitu kimoja.

Tena ukoo mzima wa virusi hivi umebatizwa jina la Nairobi. Mwaka 1910 kondoo waliokuwa wakiletwa kuuzwa Nairobi walianza kufa kwa kuhara damu. Daktari wa mifugo R. E. Montgomery aliufuatilia ugonjwa huo, na katika ripoti yake ya 1917 akaonyesha kwamba ni wa virusi na unaenezwa na kupe wa masikioni. Ukaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Kondoo waliozaliwa kwenye kupe hawakuwa na shida, kwa kuwa walipata kinga wakiwa wachanga. Waliokufa ni wale waliotoka maeneo makavu yasiyo na kupe hao wakaingia penye kupe. Katika kondoo wasio na kinga, vifo huweza kufika asilimia 70 hadi 90. Kwa binadamu ugonjwa huo ni nadra na huwa mwepesi.

Somo hilo la zaidi ya miaka mia moja bado lina kazi Kajiado. Tangu ranchi za vikundi zianze kugawanywa miaka ya 1980, mifugo inanunuliwa na kuhamishwa kwa njia ambazo zamani hazikuwepo. Mtumishi wa Nairobi ananunua ekari chache, anaagiza kondoo wa Dorper kutoka eneo kavu, anawafikisha kwa pikapu usiku. Ukame wa misimu mitano mfululizo uliomalizika 2023 uliwasukuma wafugaji na mifugo yao mbali, wengine mpaka Tanzania na viunga vya Nairobi, kisha mvua kubwa na mafuriko ya 2024 yakaotesha nyasi na kuwapa kupe unyevu waliokuwa wameukosa. Kila kundi linalohama linabeba kupe wake, na kila kundi linalofika linakuta wa wenyeji.

Zamani kulikuwa na josho. Kila eneo lilikuwa na siku yake ya kuogesha, na ng'ombe wote wa jirani walipita kwenye maji yale yale yenye dawa. Serikali ilipojiondoa katika huduma nyingi za mifugo miaka ya 1990, majosho mengi yalikauka. Leo kila mwenye boma ana pampu yake ya mgongoni na chupa aliyonunua duka la dawa za mifugo. Jirani anayepulizia Jumatatu analisha pamoja na jirani asiyepulizia kabisa. Anayebana matumizi huongeza maji kwenye dawa, na kupe wanaosalia ni wale walioizoea. Tena wengi hupulizia mgongo na mbavu, ilhali kupe wa miguu ya pete wako chini ya mkia na kwenye kwato.

Basi kwa nini hesabu haijulikani vizuri? Si kwa kukosa maabara. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iko Nairobi, ile ya utafiti wa mifugo, ILRI, ina maabara zake Kabete, ya utafiti wa wadudu, ICIPE, iko Kasarani, na hakuna kati ya hizo iliyo mbali sana na Kitengela. Sababu moja ni mpangilio wa vipaumbele. Mwaka 2015 Kenya ilipoorodhesha magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, matano ya juu yalikuwa kimeta, malale, kichaa cha mbwa, brusela na homa ya Bonde la Ufa. Homa ya Crimea-Kongo haikuingia tano bora. Na ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na usioonekana haupewi fedha za kutafutwa.

Uganda iliuvunja mzunguko huo. Baada ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe kuimarisha ufuatiliaji wa homa za kuvuja damu kuanzia 2010, wagonjwa walianza kupatikana: Agago mwaka 2013, kisha wilaya za ukanda wa ng'ombe kama Nakaseke na Kiboga mwaka 2017, na wengine baada ya hapo. Haielekei kwamba kupe wa Uganda waligeuka ghafla kuwa wakali kuliko wa Kenya. Kilichobadilika ni kwamba damu ilianza kutumwa maabara.

Sababu ya pili ni jinsi utafiti unavyofanywa. Wa Ijara ulipima waliokuja vituoni na homa, na hao si picha kamili ya kijiji. Hata anayekwenda bomani anaweza kukosea kwa sababu ya saa tu. Gari la watafiti likitoka Nairobi asubuhi na kufika bomani saa tano, litawakuta wazee, kina mama na watoto wadogo. Vijana wenye kuumwa na kupe kuliko wote walishatoka na ng'ombe tangu alfajiri. Namba itakayopatikana itakuwa ndogo kuliko ukweli. Anayetaka hesabu ya haki Kajiado itabidi awangoje wachungaji kwenye kisima au jioni wakirudi, awapime wachunaji ngozi kichinjioni, na awatenge katika jedwali lake wafugaji, wachinjaji na wapangaji wa mjini.

Wakati hesabu hiyo ikingojwa, yapo ya kufanya ambayo hayahitaji jedwali. Anayeng'oa kupe mwilini mwake amshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano, amvute moja kwa moja bila kumzungusha, asimchome moto wala kumpaka mafuta ya taa, na asimminye. Halafu anawe kwa sabuni. Wa kwenye kiwele ang'olewe kwa mkono uliovaa glavu au hata mfuko wa plastiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mifugo ipuliziwe dawa ya kupe wiki mbili kabla ya kuchinjwa, au itengwe kabla ya kuingia kichinjioni. Wenye vichinjio wa Kitengela na Kiserian wanaweza kulifanya hilo kuwa sharti kwa wachuuzi, mradi muda wa dawa kutoka mwilini mwa mnyama uheshimiwe. Glavu na buti kwa wachunaji ni gharama ndogo.

Wahudumu wa afya nao wako kwenye mstari wa mbele. Katika Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, mwaka 1984, wahudumu waliomtibu mgonjwa mmoja waliambukizwa kupitia damu yake. Chanjo inayokubalika na kutumika kwa upana duniani haipo. Wagonjwa hupewa huduma ya kuwategemeza, na madaktari wengine hutumia dawa ya ribavirini. Kwa hiyo muuguzi anayempokea mtu mwenye homa na fizi zinazotoa damu anahitaji glavu kabla ya kuhitaji jina la ugonjwa.

Kaunti ya Kajiado inaweza kuanza kesho kwa swali moja kwenye fomu ya mgonjwa wa homa: katika wiki mbili zilizopita, umeshika kupe, umechinja au umechuna mnyama? Dalili hutokea siku moja hadi tisa baada ya kuumwa na kupe, na huweza kuchelewa mpaka siku 13 baada ya kugusa damu, hivyo wiki mbili zinatosha. Majibu yakikusanywa kwa mwaka mmoja, na damu ya wanaojibu ndiyo ikapelekwa maabara, kaunti itakuwa na mwanzo wa hesabu yake yenyewe.

Nawe msikilizaji, kama homa imekushika, kichwa na misuli vinauma, macho hayataki mwanga, na siku chache nyuma ulikuwa kichinjioni, bomani au ukikamua, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari habari ya kupe na damu mara tu unapoketi mbele yake.